RIWAYA ZISOMWE KWA FURAHA

Muhula huu kumekuwa na mabishano shuleni kwetu juu ya vitabu vya hadithi. Wako wasemao kwamba mwanafunzi aonekanaye na riwaya mkononi, wakati si wa kipindi cha fasihi, anapoteza wakati wake na fedha ya mzazi wake. Wako wengine wasemao kwamba riwaya za mambo ya kale zaweza kuvumiliwa, maana zina elimu ndani yake, lakini riwaya za mapenzi ya vijana, na hasa zile zenye majini na mizimu na wafu watembeao usiku, zafaa kutiwa moto. Mimi si wa upande wa kwanza wala wa pili. Nasema riwaya za namna zote hizi zisomwe, zisomwe kwa furaha, na tena zisomwe nyingi. Naomba mnivumilie nieleze sababu zangu moja baada ya nyingine.

Nianze na hilo neno furaha, kwa kuwa ndilo linalowaudhi wengi. Tumezoea kuulizana, "Kitabu hiki kina faida gani?" kabla hatujaulizana kama ni kitamu. Lakini mtu alaye wali wa Mpimbwe hali kwa sababu amejifunza katika baiolojia kwamba wanga hutia nguvu mwilini. Anakula kwa sababu ni mtamu, na nguvu huja zenyewe. Riwaya ni vivyo hivyo. Asomaye kwa furaha husoma kurasa nyingi, na asomaye kurasa nyingi hupata msamiati, hupata tahajia, hupata namna ya kupanga maneno, bila hata kujua ni siku gani alivipata. Asomaye kwa kulazimishwa husoma kurasa mbili akalala. Kwa hiyo mtu atakaye faida ya riwaya na asianze kwa kuiondoa furaha, maana atakuwa amekata mti akingojea matunda.

Sasa tuzitazame riwaya zenyewe. Nitaanza na za mambo ya kale, kwa sababu hizo hazina adui mkubwa. Katika somo la historia tumejifunza kwamba mwaka 1948 makuli wa bandari ya Unguja waligoma. Katika daftari langu jambo hilo lina mistari miwili. Lakini Adam Shafi Adam aliliandikia kitabu kizima, Kuli, kilichotoka mwaka 1979, na humo utamwona kijana Rashidi, utauona mgongo wake chini ya gunia, utaijua njaa ya nyumbani kwake na ghadhabu iliyozaliwa katika njaa ile. Nikiisha kusoma riwaya hiyo ile mistari miwili ya daftari huwa ni mistari hai. Mwandishi huyo huyo alitupa Vuta N'kuvute mwaka 1999, habari za Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa mzee asiyempenda, Bwana Raza, akaja kumpenda Denge, kijana aliyekuwa akipinga utawala wa Waingereza. Riwaya hiyo ilitengenezwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Katika bweni moja ninalolijua, nakala moja ya kitabu hicho ilizunguka kutoka kitanda hadi kitanda hata jalada lake likatoka, na waliokisoma hawakuambiwa na mtu wakisome. Je, walikuwa wakisoma historia au mapenzi? Walisoma vyote viwili, wala hawakuona mpaka uko wapi.

Tena kuna Peponi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya yake ya mwaka 1994, aliyoiandika kwa Kiingereza, ikatoka kwa Kiswahili kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni habari za mtoto Yusuf, aliyetolewa na wazazi wake kwa tajiri Aziz kuwa rehani ya deni, akasafiri na msafara wa biashara mpaka bara ya mbali na kuvuka ziwa kubwa, siku zile Wajerumani walipokuwa wakiikamata nchi. Kwa sisi wa Mpanda kitabu hicho kina jambo la kutugusa mapema kabisa. Mji wa Kawa alikokulia Yusuf ulichangamka wakati reli ilipokuwa ikijengwa; kazi ilipokwisha, uchangamfu ukaondoka nayo, na magari yakawa yakisimama kwa ajili ya kuni na maji tu. Wazee wetu hapa Mpanda hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Reli yetu ya kutoka Kaliua ililetwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mgodi huo ukafungwa karibu na mwaka 1960. Asomaye habari za Kawa akiwa Mpanda anasoma habari za jirani yake.

Nimekwisha kusema kwamba riwaya hizo hazina adui mkubwa. Sasa nageukia zile zenye adui: riwaya za mapenzi ya vijana na viumbe vya ajabu. Ni kweli kwamba nyingi za siku hizi zatoka ng'ambo. Mwaka 2005 bibi mmoja wa Marekani, Stephenie Meyer, alitoa kitabu kiitwacho Twilight, habari za Bella, msichana wa shule ya sekondari, aliyempenda kijana Edward, ambaye kumbe ni mfu anyonyaye damu. Kitabu hicho kikapendwa na vijana wa dunia nzima, kikafuatwa na vingine vingi vya namna yake. Na katika lugha yetu ziko hadithi zinazotolewa sehemu kwa sehemu katika simu, zenye majini mahaba na wapenzi waliofufuka, na vijana wakiwa likizo huzingojea kila jioni kama watu wangojeao mwandamo wa mwezi. Wazee husema, "Huo ni ugeni, si desturi yetu."

Hapo ndipo niombapo ruhusa ya kuwapinga wazee wangu kwa heshima. Ugeni uko wapi? Mwaka 1952 Shaaban Robert, ambaye kila mwalimu wa Kiswahili humwita baba wa fasihi yetu, alitoa Adili na Nduguze. Humo mna ndugu wawili waliogeuzwa nyani, na kaka yao Adili akalazimika kuwapiga mijeledi kila usiku huku moyo ukimuuma. Humo mna mji mzima wa watu waliogeuka mawe, na msichana mmoja aliyesalia hai kati yao. Humo mna Huria, binti wa majini. Kama kitabu hicho kingetoka leo bila jina la Shaaban Robert juu yake, naamini wako ambao wangekinyang'anya mikononi mwa watoto wakisema ni upuuzi wa majini. Kwa kuwa kina jina hilo, tunakiheshimu. Na tunafanya vema kukiheshimu, maana chini ya majini yake mna swali zito: ndugu akikutenda ubaya, nawe umepewa mjeledi, utafanyaje?

Wala hatuna haja ya kwenda pwani kutafuta mizimu. Mkoa wetu, uliogawanywa kutoka Rukwa mwaka 2012, wenyewe una jina la mzimu. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, imeitwa kwa jina la Katabi, ambaye Wabende husimulia kwamba roho yake hukaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakienda hapo kuacha sadaka zao na kuomba baraka. Mtoto wa Katavi aandikaye jina la mkoa wake juu ya bahasha anaandika jina la hadithi. Itakuwaje basi tumwambie kwamba hadithi za mizimu ni mambo ya Wazungu?

Na kwa nini mambo hayo huwavuta vijana? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ujana wenyewe ni jambo la ajabu. Mtu hulala mtoto akaamka sauti imebadilika, mwili umebadilika, na wale aliokuwa akicheza nao jana leo anaona haya kuwatazama. Mwandishi amwambiapo kwamba kijana fulani usiku hugeuka kiumbe kingine, hamwambii jambo geni. Anampa picha ya jambo analolijua asilokuwa na maneno yake. Na msichana asomaye habari za Bella, ambaye ampendaye aweza kumwua, hana budi kujiuliza swali ambalo kila msichana yafaa ajiulize: huyu anipendaye ana hatari gani kwangu? Afadhali ajiulize akiwa na kitabu mkononi kuliko njiani jioni.

Najua nimelifikia jambo gumu, nami sitalikwepa. Wazazi wengi huogopa kwamba hadithi za mapenzi huwaharibu watoto, hasa wasichana. Hofu yao si ya bure. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Kwa nchi nzima hesabu ilikuwa 27. Sisi ndio tuliokuwa juu kuliko mikoa yote. Mzazi asomaye hesabu hiyo asipate hofu atakuwa si mzazi.

Lakini na tuulize: je, hao wasichana 45 waliharibiwa na riwaya? Katika vijiji vyetu vingi hakuna duka la vitabu hata moja, wala maktaba. Wengi wa wasichana hao hawakupata kushika riwaya maishani mwao. Riwaya haikuwapo; italaumiwaje? Waliokuwapo ni umaskini, umbali wa shule, ndoa za mapema, na wanaume wazima wasioona haya. Kuichoma riwaya kwa sababu ya mambo hayo ni kumpiga mbwa wa jirani kwa kuwa fisi amekula mbuzi wako.

Liko na fundisho katika habari za kitabu kimoja chetu. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, habari za msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi. Baba yake alimlinda kwa fimbo, asijue lolote juu ya wavulana. Alipotoka chini ya fimbo ile akaenda chuoni, hakuwa na akili ya kujilinda mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, na mwisho wake ukawa wa huzuni kuu. Kitabu hicho kilikatazwa mashuleni kwa wakati fulani, eti kitawaharibu wanafunzi. Ndugu zangu, litazameni jambo hilo vizuri. Kitabu kinachosema kwamba kumficha mtoto kila kitu humpoteza, kikafichwa ili mtoto asipotee! Baadaye kikaruhusiwa, kikasomwa na kufundishwa, wala nchi haikuanguka.

Sisemi kwamba kila hadithi ya mapenzi ni njema. Ziko zilizoandikwa ovyo, lugha imevunjika, watu wake hawana roho, na mambo ya aibu yametiwa kama chumvi nyingi katika mboga mbaya. Lakini dawa ya kitabu kibaya ni kitabu kizuri. Mwanafunzi aliyekwisha kumjua Yasmin na Rosa huyaona makapi mara moja, akayaweka chini mwenyewe. Yule ambaye hakupewa kitabu chochote ndiye atakayeyala makapi akidhani ni nafaka.

Wako pia wanaosema kwamba hadithi za mizimu huwafanya vijana waamini uchawi, na katika nchi yetu imani hiyo imemwaga damu. Hofu hiyo naiheshimu, maana hakuna asiyejua namna ndugu zetu wenye ualbino walivyouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani za waganga. Lakini wauaji hawakujifunza katika riwaya. Kinyume chake, moja ya riwaya zilizosomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za sekondari ni Takadini ya Ben Hanson. Mle mna Sekai, mama aliyekaa miaka mingi bila mtoto, na alipojaliwa, akazaa mtoto mweupe ambaye mila iliamuru auawe. Sekai akatoroka naye usiku. Msomaji hutembea naye porini, husikia njaa yake, huogopa kila kishindo. Na mtoto anapokua, akawa mpigaji wa mbira, akampenda Shingai naye Shingai akampenda, msomaji humtaka aoe kama vile angemtaka kaka yake aoe. Nani aliyemaliza kitabu hicho kwa moyo wake wote akaweza kumtazama mtu mwenye ualbino kana kwamba si mtu? Hiyo nayo, angalieni, ni riwaya ya siku za kale, tena ni ya mapenzi ya vijana, tena ina mambo ya waganga na mizimu. Ina zile namna zote tatu tunazobishania.

Na asiyependa mizimu kabisa na asome Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya uandishi. Jina lake latisha, na maiti imekutwa pale pale mzimuni, na watu wanasema ni mzimu uliofanya. Lakini Bwana Msa, pamoja na kiko chake, hakubali. Anauliza, anapima, anafikiri, mpaka aupate mkono wa binadamu uliofanya kazi ile. Sijui somo lipi la sayansi limenifundisha kudadisi kuliko Bwana Msa.

Basi kama riwaya ni tamu hivi, kwa nini wengi wetu hatuzisomi? Hapa nitawasema wanafunzi wenzangu, nami nikiwa mmoja wao. Ni kwa sababu ya miongozo. Mwanafunzi hununua kijitabu chembamba chenye maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa na wahusika, akakikariri, akaenda kufanya mtihani wa riwaya ambayo hajaifungua. Aweza kukuambia kwamba Takadini yazungumzia nafasi ya mwanamke katika jamii, lakini ukimwuliza Sekai alitoroka usiku au mchana, hajui. Mwongozo ni kama kusimuliwa na jirani habari za arusi: utajua waliokuja, utajua walikula nini, lakini hutashiba wala hutacheza. Walimu nao, kwa kuwa muda ni mfupi na madarasa ni makubwa, mara nyingi huanza na uhakiki kabla ya hadithi kusomwa. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi humaliza Kidato cha Nne wakiamini kwamba riwaya ni orodha ya dhamira, na siku ya mwisho ya mtihani huapa kutoshika riwaya tena.

Wengine husema, "Tungependa, lakini wakati hakuna." Na tufanye hesabu ndogo. Riwaya ya kurasa 200, ikisomwa kurasa 10 kwa siku, yaisha kwa siku 20. Kwa siku 80 utakuwa umemaliza riwaya 4, na muhula una zaidi ya siku hizo. Kwa mihula miwili ni riwaya 8 kwa mwaka, na kutoka Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne ni riwaya 32. Kurasa 10 hazizidi nusu saa. Mwalimu Nyerere aliitafsiri Juliasi Kaizari ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963, akiwa kiongozi wa nchi change yenye kila namna ya shida. Hiyo ni tamthilia, si riwaya, lakini hoja yangu ni moja: kama yeye alipata wakati wa fasihi, sisi wenye kazi ya kufua sare na kumwagilia bustani tutasemaje kwamba hatuna?

Nina neno la mwisho juu ya riwaya, nalo ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Asomaye kwa furaha ndiye awezaye kuja kuandika, na Katavi inangoja waandishi. Tazameni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome pale, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Mwaka 1889 akafika pale Adrien Atiman, Mwafrika aliyetekwa utumwani utotoni huko Sudani ya Magharibi, akakombolewa na mapadri, akasomea uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Akatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtumwa aliyekuwa mganga wa nchi nzima: je, kuna riwaya ya kale itakayopita hiyo? Tazameni na Katumba na Mishamo, ambako watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipokewa, wakafyeka mapori, wakazaa, na mwaka 2014 watu wa makazi hayo wakaanza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Wajukuu wao tunaketi nao madarasani. Msichana wa Katumba na mvulana wa Kikonongo wakipendana, na bibi zao wakakataa, hiyo si riwaya? Na mtu akitaka kuutia mkwaju wa Katabi katika habari hiyo, nani atamzuia?

Tusiseme kwamba sisi ni watoto wa mkoa wa mbali, hakuna atakayetuchapisha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, miaka 35 baadaye, naye akafariki mwaka 1981. Leo ni miongoni mwa riwaya kubwa za Afrika. Na sisi tuna nafasi ambazo yeye hakuwa nazo. Iko Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 na baadaye kuitwa Safal, ambayo imewapa waandishi wetu zawadi na kuchapishiwa vitabu. Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa mwezi wa Aprili mwaka 2023. Milango iko wazi. Wanaokosekana ni watu wa kuingia, nao hawatapatikana kati ya watu waliokariri miongozo.

Kwa hayo yote natoa maombi yangu, nikitumaini kwamba hayatatupwa kapuni.

Kwanza, kwa walimu wetu: tunaomba riwaya isomwe kwanza, hata kwa sauti darasani, sura moja kila kipindi, na uhakiki uje baadaye. Tunaomba pia kwamba mwanafunzi akikutwa na riwaya wakati wa mapumziko asinyang'anywe, bali aulizwe imefika wapi. Akikutwa nayo katika kipindi cha hisabati, hapo anyang'anywe, nasi hatutamtetea.

Pili, kwa wazazi: mnaponunua madaftari ya muhula, ongezeni riwaya moja. Ikiisha kusomwa na mtoto wako, ataazimana na wenzake, na kwa bei ya kitabu kimoja atakuwa amesoma vitano. Nanyi wenyewe msomeeni, au mwambieni awasomee jioni. Mzazi aliyesoma kitabu cha mwanawe hawi na haja ya kukiogopa, na mambo ambayo ni vigumu kuyataja mezani huwa mepesi yakitajwa kwa jina la Rosa.

Tatu, kwa wanafunzi wenzangu: na liwekwe sanduku la vitabu katika kila darasa, liwe na mtunzaji na daftari la kuazima, na kila mmoja alete alicho nacho, kiwe cha wafalme wa kale, cha wapelelezi, au cha wapenzi wa kuzimu. Tusichekane kwa tunachokisoma. Anayesoma habari za majini leo akiachwa asome, kesho atashika Peponi. Nimewaona wengi waliopanda ngazi hiyo. Anayechekwa akaacha, hatashika chochote.

Nne, kwa Mhariri wa gazeti hili: tunaomba ukurasa mmoja kila muhula kwa ajili ya maoni ya wasomaji juu ya riwaya walizozimaliza. Si uhakiki wa dhamira na falsafa, bali maneno machache tu: nilipenda nini, nilichukia nini, nani aliniliza.

Wahenga walisema, elimu haina mwisho. Nami naongeza kwamba haina sababu ya kuwa chungu. Ndugu yangu uliyefika mpaka hapa, funga gazeti hili, ukatafute riwaya, na ukiipata usiulize kwanza ina faida gani. Fungua ukurasa wa kwanza uanze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Mpanda.